Kasha Lililoanikwa Juani

Stefania Hnatiuk aliingia Mtaa wa Kestrel akiwa bibi harusi, na jambo la kwanza alilolisema mbele ya nyumba yake mpya ni kwamba mlango umepakwa rangi ya kinyesi cha bata. Mumewe Dmytro, fundi wa mabehewa, akaweka begi chini akaenda kutafuta brashi. Mlango ukawa wa buluu. Ni wa buluu mpaka leo. Dmytro yuko makaburini, na Stefania yuko nyuma ya mlango ule ule, umri wake unakaribia themanini na ulimi wake haujazeeka hata kidogo.

Mtaa wenyewe uko Transcona, pembeni mwa Winnipeg upande wa mashariki, pale jiji linapochoka na mashamba ya ngano kuanza. Nyumba zake ni ndogo ndogo, zilijengwa kwa ajili ya watu wa karakana ya reli, kila moja na kipande chake cha ukoka mbele, bustani ya mboga nyuma, na gereji inayotazama kichochoro. Si mtaa wa kumwonyesha mgeni. Duka la mwisho lilifungwa, basi hupita likitaka, na mkahawa haujawahi kuwepo. Lakini kwa kuishi, huo ni mtaa. Theluji ikianguka usiku, asubuhi unakuta njia yako imeshafagiliwa na humjui aliyefagia. Ukiuliza hawasemi, maana ukimjua utampelekea keki, na yeye itambidi arudishe sahani na kitu ndani yake, na mambo hayo hayana mwisho. Ukichelewa kufungua pazia la mbele, mtu atakuja kugonga na kisingizio mkononi, labda kitunguu saumu, labda barua aliyosema imeingia kwake kwa bahati mbaya. Hakuna anayesema amekuja kuangalia kama u hai. Anakupa kitunguu chake, anakutazama uso, anaondoka.

Binti yake Stefania, Halyna, hakuyaona hayo, au aliyaona akayadharau. Alikuwa anakaa upande wa pili wa jiji, na kila Jumapili alikuja na maneno yale yale: kuna majengo mazuri ya wazee, yana lifti, yana joto, ngazi hakuna.

"Mama, utaanguka kwenye ngazi zile za kushuka chini, na nani atajua?"

"Ligaya atajua. Nikikohoa tu anajua."

Ligaya Macaraeg alikuwa jirani wa ukutani, mwanamke wa Kifilipino anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mumewe Dante alikuwa anaoka mikate usiku katika kiwanda. Walipohamia hapo Stefania alikaa msimu mzima bila kuwasalimu, kisha siku moja akamwona Ligaya anashona pindo la pazia kwa mkono, vibaya, akashindwa kuvumilia. Akamvuta hadi kwake, akamkalisha mbele ya cherehani. Tangu hapo Ligaya alimwita Mama Stefania na hakuuliza ruhusa.

Halyna alipoanza habari za lifti, Stefania alikuwa na jibu moja. "Nitatoka humu nikiwa nimevaa lile gauni," alisema, na Halyna aliacha habari za lifti, maana gauni alilijua.

Gauni hilo lilikuwa ndani ya kasha. Kasha lilikuwa la mama yake Stefania, la mbao nzito, lina miguu mifupi minne na maua mekundu yaliyochorwa kifuniko kizima. Lilitoka Ukraine na mama huyo kwa meli na kwa treni, likiwa na mahari yake. Sasa lilikuwa na vitambaa vya kutarizi, picha za harusi, na chini kabisa, zimekunjwa vizuri, nguo za kuzikiwa za Stefania: gauni la buluu iliyoiva, kitambaa cha kichwa, soksi mpya, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga chini. Wanawake wa rika lake kule kanisani wote walikuwa wameandaa zao. Waliulizana habari zake kama vile wengine wanavyoulizana habari za nguo za Pasaka.

Mtu mmoja tu katika mtaa ule hakusemezana na Stefania, na huyo alikaa mkabala naye, ng'ambo ya barabara. Mzee Wilf Pruden alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mjane, mwenye mashine kubwa ya kurushia theluji. Majira fulani ya baridi alijitia wema, akavuka barabara kusafisha njia ya Stefania, na mashine yake ikatapika theluji nzito moja kwa moja juu ya mche wa cheri ambao Dmytro aliupanda mwaka wake wa mwisho. Mche ukavunjika kiunoni. Wakati wa kuchipua mzee Wilf alileta mche mwingine kutoka dukani, akauweka barazani bila kusema neno. Stefania akaubeba ulivyo, na chombo chake, akaenda kuuweka barazani kwa mzee Wilf. Naye hakusema neno. Basi mzee akaupanda kwake, mbele kabisa, ukielekea dirisha la Stefania. Sasa ni mti. Kila mwezi wa Mei unachanua, na Stefania kila asubuhi anafungua pazia na kuutazama kwa hasira.

Mwaka huu theluji iliyeyuka haraka, na ardhi haikuwa na mahali pa kuweka maji. Ijumaa moja ya Mei Stefania alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchukua chupa ya matango ya achari, akakanyaga maji. Pampu ya kuvuta maji ilikuwa imenyamaza. Alisimama pale kwenye ngazi ya mwisho na soksi zake zimelowa, akatazama kasha limesimama ndani ya maji kwa miguu yake mifupi, na jambo la kwanza alilowaza halikuwa maji. Aliwaza, Halyna asijue.

Asubuhi ya Jumamosi, Dante aliporudi kutoka kazini akinuka mkate, Stefania alikuwa anamngoja kwenye kichochoro na viatu vya mpira.

"Mama Stefania, mbona umevaa kama mvuvi?"

"Acha maneno. Una mgongo mzima?"

"Ninao wa kufika kitandani tu."

"Basi utapita kwangu kwanza."

Walitoa kila kitu kilichokuwa chini. Dante alibeba, Stefania aliamrisha, na vingine alivivuta mwenyewe kwa sababu Dante alivishika vibaya. Cherehani na meza yake. Taa ya kusimama. Viti vya jikoni vya zamani, sufuria kubwa ya kuchemshia chupa, radio ya Dmytro, na kile kiti cha plastiki cha kuogea ambacho Halyna alimnunulia na yeye akakificha. Mwisho wakatoa kasha. Jua la asubuhi linapiga mbele ya nyumba, nyuma kuna kivuli cha gereji, kwa hiyo vyote wakavipanga mbele, kwenye ukoka, hadi karibu na ukingo wa barabara ambako jua lilikuwa kali zaidi.

"Ndani ya kasha kuna nini, zito hivi?" aliuliza Dante.

"Mambo ya wanawake. Nenda kalale."

Dante akaenda kulala. Maji yaliyobaki Stefania aliyachota kwa ndoo. Ilipokaribia saa ya Halyna kumpitia kwa gari kwenda kanisani, akakumbuka kwamba Halyna akisimamisha gari mbele ya nyumba ataona vitu vyote vile, ataelewa, na lifti itaanza. Basi akavaa koti, akachukua mkoba, akatembea hadi kona ya mtaa akasimama hapo kama mtu anayengoja basi.

"Mbona uko huku?" Halyna aliuliza akifungua mlango wa gari.

"Nimetaka kunyoosha miguu. Kwani mguu ni wa nani?"

Jumamosi wanawake wa kanisa hukutana katika ukumbi wa chini kubana pirohi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi tumboni, ambavyo parokia inaviuza. Kazi ya Stefania ilikuwa kubana kingo, na hakuna pirohi iliyobanwa na Stefania iliyowahi kufunguka ndani ya maji. Wengine zao zilifunguka, na yeye aliwaambia.

Siku hiyo Yevka Prystupa, aliyekaa kando yake, alikuwa na furaha. "Asubuhi hii mkwe wangu kapata meza ya duara, imara kabisa, na miguu ya kuchonga. Bure!"

"Bure wapi?"

"Barabarani, mama. Si leo watu wanatoa?"

Mikono ya Stefania ilisimama.

Katika jiji lile kuna wikiendi ya kutoa. Ikifika, mtu mwenye kitu asichokihitaji anakiweka mbele ya nyumba kwenye ukingo wa barabara, na anayekitaka anakichukua bila kuuliza wala kugonga. Watu huzunguka na magari tangu alfajiri wakiangalia. Kila mtu anaijua siku yake, maana inatangazwa. Stefania hakuijua kwa sababu hakuwahi kutaka kuijua. Aliona ni aibu mtu kumwaga vyombo vyake nje kama aliyefukuzwa na mwenye nyumba, na karatasi za tangazo alifungia maganda ya viazi.

"Leo?" alisema.

"Leo na kesho. Stefania, umekuwa mweupe kuliko unga."

Stefania alinawa mikono. Alivua aproni akaikunja, kona kwa kona, kwa utaratibu uliomtisha Halyna aliyekuwa anamtazama kutoka kwenye masufuria.

"Halyna. Washa gari."

"Hatujamaliza trei hata—"

"Nimesema washa gari."

Ndani ya gari ilibidi aseme. Alisema akitazama mbele, kwa maneno machache: maji, pampu, Dante, ukoka, kasha.

"Kasha? Mama! Umeweka kasha la Baba barabarani, siku ya—"

"Barabarani sikuweka. Juani. Na 'Baba' gani huyo? Huyo ni bibi yako, sema bibi."

Halyna tangu utotoni alimwita bibi yake 'Baba', kama watoto wote wa Kiukraine wanavyoita, na mama yake hakuwahi kulalamika. Aliposikia analalamika leo alijua hali ni mbaya.

"Na hukuniambia kuhusu maji."

"Sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Endesha."

Walipokata kona ya Mtaa wa Kestrel, ukoka ulikuwa mtupu. Cherehani hakuna, taa hakuna, viti hakuna. Karibu na ukingo wa barabara palikuwa na alama nne ndogo, pale miguu ya kasha ilipolaza majani. Stefania alishuka akaenda kusimama kando ya zile alama. Hakulia. Alibaki pale amesimama na mkoba wake, akaanza kuonekana mdogo. Halyna hakuwahi kumwona mama yake mdogo hata siku ya kumzika baba yake.

"Mtaa mzima una madirisha," Stefania alisema mwishowe. "Ukinunua fagio jipya wanajua. Vitu vyangu vikabebwa mchana kweupe, hakuna aliyefungua mdomo."

"Mama, watu wamedhani—"

"Sawa. Nipeleke."

"Wapi?"

"Huko kwenye lifti yako. Mtaa ulioniangalia ninaibiwa nguo zangu za kaburini, sina cha kuungojea. Nenda kawaambie nakuja."

Halyna alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mingi, na sasa yalipokuja hakuyataka. Hakuyataka yaje namna ile, na sauti ile. Wakati huo huo mlango wa jirani ukafunguliwa kwa kishindo. Ligaya akatoka na sare yake ya kazi, macho mekundu.

"Kumbe umerudi kuchukua vilivyobaki!" alisema. "Hongera, Mama Stefania. Hongera sana. Unahama kama mwizi. Hata kunigongea ukuta hukutaka!"

Stefania alimgeukia taratibu. "Nani anahama?"

"Mimi si mtoto! Halyna mwenyewe aliniambia wakati wa baridi, kuna nyumba za wazee, mtu anaandikisha jina. Leo natoka kazini nakuta vitu vyote viko nje, siku ya kutoa, na wewe hupo. Cherehani, Mama! Ile uliyonifundishia! Nilisimama hapo nikalia kama mjinga."

"Ligaya. Nilikuwa naanika."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Naanika! Maji yameingia chini. Mumeo ndiye aliyebeba. Hakukwambia?"

Ligaya akageuka kutazama dirisha la chumba chake, ambamo Dante alikuwa amelala fofofo na pazia nene limefungwa. "Dante akilala," alisema polepole, "ni kama gogo. Sijaongea naye tangu jana."

"Na cherehani yangu iko wapi?"

"Iko sebuleni kwangu." Ligaya alijifuta macho kwa kiganja. "Nilisema, kama anakwenda, hii haitaondoka na mtu nisiyemjua. Nikaibeba. Kisha watu wa ile nyumba ya kijani wakaniona, wakauliza, Mama Stefania anahama? Nikasema ndiyo. Wakachukua taa. Wakasema kila wakiiwasha watakukumbuka ulivyomfokea mbwa wao. Viti wamechukua wale wa kona. Mtaa mzima umechukua, Mama. Palikuwa na pikapu ya watu wa mbali inazunguka zunguka, na sisi hatukutaka wachukue vitu vyako. Tulitaka vibaki hapa, hata kama wewe hukutaka kubaki."

Stefania alishika mkono wa Halyna, si kwa upendo, alikuwa anatafuta kitu cha kujishikiza. Pumzi ilikuwa imemrudi yote kwa mkupuo.

"Na kasha?"

Ligaya akakohoa. "Kasha amechukua mzee Wilf."

"Heri wezi," alisema Stefania, na akavuka barabara.

Gereji ya mzee Wilf ilikuwa wazi. Kasha lilikuwa limewekwa juu ya mbao mbili, miguu imeinuliwa kutoka chini, na feni kubwa ilikuwa inalipulizia upepo kutoka ubavuni. Mzee alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha kukunja, akilinda kama askari wa benki. Alipomwona Stefania hakusimama.

"Umekuja kuaga," alisema. "Umechelewa kidogo. Ungeanza na mimi."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu mche uvunjike.

"Kasha langu."

"Liko mbele yako. Macho unayo."

"Umelifungua?"

"Mimi?" Mzee Wilf aliudhika kweli. "Nimekuwa jirani yako tangu mumeo ana nywele. Nifungue kasha la mwanamke? Nimelikuta limelowa chini nikaliwekea feni. Mbao za namna hii ukiziacha juani ghafla zinapasuka. Ungeuliza mtu."

"Sikuomba ushauri."

"Hujawahi kuomba. Ndiyo maana unahama kimya kimya. Nilikuona asubuhi unaikata ile kona na mkoba wako, nikasema, huyo anakwenda, hata hakugeuka nyuma."

"Nilikuwa nakwenda kubana pirohi, wewe mzee! Jumamosi nakwenda wapi? Nani kakwambia nahama?"

Mzee Wilf alinyoosha mkono. Akazima feni ili asikie vizuri. "Huhami?"

"Nahamia wapi? Pampu imekufa, maji yameingia, vitu vinakauka. Basi."

"Huhami," mzee alirudia, na akajipangusa uso mzima kwa kofia yake. Kofia ilikaa usoni muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Ilipotoka, alikuwa amepata tena sauti yake ya ugomvi. "Basi ungeweka hata kibao. Siku ya leo hata mtoto mchanga anajua hakiachwi kitu nje. Wale wa pikapu walikuwa wameshalishika, mmoja huku na mmoja huku. Nimetoka na soksi tu."

"Na soksi?"

"Ningetafuta viatu wangekuwa wameshafika barabara kuu. Nikawaambia, wekeni chini, hilo lina mwenyewe. Mmoja akauliza, la nani, mzee, liko nje? Nikamwambia la mke wangu."

Halyna, aliyekuwa amesimama mlangoni na Ligaya, akatoa sauti fulani na kuiziba kwa mkono.

"La nani?" alisema Stefania.

"Ndilo lililonijia mdomoni. Maji yamejaa barabarani, miguu imelowa, sikuwa na nafasi ya kuchagua."

"Wakakuamini?"

"Mmoja alisema, pole mzee. Nadhani walidhani umenifukuza."

Hapo Ligaya alishindwa, akaegemea mlango akacheka mpaka akachuchumaa, na Halyna naye akacheka, machozi yakimtoka, na hakujua ni ya kicheko au ya ile saa alipomwona mama yake amesimama mdogo kando ya zile alama. Stefania hakucheka. Alisogea akaweka kiganja juu ya kifuniko, kwenye maua mekundu. Mbao zilikuwa baridi na kavu. Akainua kifuniko kidogo, akachungulia, akaingiza mkono. Gauni lilikuwepo. Pindo lilikuwa limelowa, basi. Akafunga.

Alitazama nje. Mti wa cheri ulikuwa umejaa maua meupe hadi kwenye matawi ya chini.

"Unaukata vibaya," alisema. "Umeacha matawi ya chini mengi mno. Cheri inataka hewa."

"Basi njoo uukate mwenyewe."

"Nitakuja."

Hilo ndilo lililokuwa neno la samahani, na pande zote mbili zililipokea hivyo. Mzee Wilf akasimama, magoti yakilia, akaenda kwenye rafu yake akachukua sanduku la vifaa. "Hiyo pampu ni ya zamani, ya mkono mwekundu?"

"Ndiyo."

"Itakuwa imeziba mdomo. Twende."

"Ukifika mlangoni futa miguu," alisema Stefania.

Alasiri yote mtaa ulikuwa unatembea kinyumenyume. Taa ilirudi imebebwa na watu wa nyumba ya kijani na mbwa wao akifuata, na Stefania akamfokea mbwa ili wasikose walichokuja kukitafuta. Viti vilirudi, kimoja kimekazwa mguu uliokuwa unalegea tangu enzi za Dmytro. Sufuria ilirudi na supu ndani, maana mtu hawezi kurudisha sufuria tupu. Dante aliamka, akatoka nywele zimesimama, akakuta watu wanapishana na vyombo mbele ya nyumba, akauliza, "Jamani, tunaingiza au tunatoa?" na mkewe akampiga begani kwa kitambaa. Kila aliyekuja alisema neno moja, kwamba amefurahi ilikuwa maji tu. Watu wa Mtaa wa Kestrel hawajui kusema zaidi ya hapo, na Stefania hajui kusikiliza zaidi ya hapo, basi ilitosha.

Kitu kimoja hakikurudi. Kiti cha plastiki cha kuogea kilichukuliwa na wale wa pikapu.

"Hao," alisema Stefania, "Mungu awape afya."

Halyna hakusema lolote juu ya lifti. Alishuka ngazi za chini mara kadhaa, akazipanda, akishika ukuta. Kisha akamuuliza mzee Wilf, aliyekuwa amelala ubavu kando ya pampu na mkono ndani ya shimo, kama anajua kufunga mkono wa ngazi wa kujishikia, wa mbao, pande zote mbili.

"Najua," sauti ilitoka shimoni. "Lakini mama yako atasema nimeufunga vibaya."

"Atasema," Halyna alikubali. "Ufunge tu."

Pampu ilikohoa, ikatapika tope, ikaanza kuvuta.

Kesho yake, baada ya misa, Stefania alitoa gauni la buluu ndani ya kasha akalitundika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, na vibanio vipya, akalinyoosha mabega. Kila mwenye kupita kichochoroni angeliona, na hilo halikumsumbua. Aliwahi kusikia watu wakisema ni mkosi kulianika gauni kama lile mbele za watu, naye aliona mkosi mkubwa zaidi ni ukungu.

Mzee Wilf alipita na mkokoteni wake, ndani yake mbao za mkono wa ngazi. Alisimama kwenye uzio.

"Gauni zuri. La sherehe gani?"

"La kuzikiwa."

Mzee alilitazama tena, kwa heshima zaidi, akavua kofia, akairudisha. "Lini?"

Stefania aliligusa pindo, akalikamua kidogo kwa vidole. Tone moja likaanguka kwenye majani.

"Likikauka," alisema.

"Wanasema kesho mvua."

"Nimesikia," alisema Stefania, na akaenda kumfungulia mlango wa nyuma, maana mbao zilikuwa ndefu na peke yake asingeweza kuziingiza.